Sakafu Mbichi ya Ibighi

Magoti yangu ndiyo yaliyostaafu kwanza. Mimi mwenyewe nilichelewa kuyafuata kwa miaka kama mitatu hivi, nikawa naweka sakafu nimeegemea ubavu kama mtu anayeota moto, hadi mwezi uliopita nilipowakabidhi vijana wa karakana yetu ya Bulyaga funguo na randa zangu. Wameniomba niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi, hasa kazi ya sakafu za mbao zinazoumana, kwa sababu wanasema hapa Tukuyu nimebaki mimi tu niliyezifanya za aina zote mbili: zile za zamani tulizochonga wenyewe, na hizi zinazotoka nje zikiwa tayari kwenye maboksi. Nimekubali. Hawatapata walichotarajia, lakini mambo ya kazi yatakuwemo.

Nilianza katika karakana ya shirika moja la umma, nikiwa sina ndevu wala nyundo. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Gwakisa, mtu wa Suma, aliyejifunza useremala misheni. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana, na hakupenda maneno. Siku yangu ya kwanza alinipa kipande cha mbao ya msindano akaniambia nikiweke shavuni. Nilidhani ananitania, maana wenzangu walikuwa wamejaa mlangoni wakitazama. Nikakiweka.

“Kikoje?” akauliza.

“Cha baridi, Mzee.”

“Basi kina maji. Weka na hiki.”

Cha pili hakikuwa na baridi. Akavichukua vyote viwili, akarudi mezani kwake, na hilo ndilo lilikuwa somo zima la siku ile. Mchana wote nilifagia maranda, yaani yale maganda ya mbao, na jioni nilikuwa nimeyapeleka kwa akina mama wa kuuza chai mara sita. Sikuona ufundi wowote.

Kwa wale ambao hawajaiona kazi yenyewe, nieleze. Mbao ya sakafu huchongwa ubavu mmoja uwe na ulimi, na ubavu wa pili uwe na mfereji. Ulimi wa mbao hii unaingia kwenye mfereji wa mbao ile, na zikishaumana hivyo huwezi kupitisha hata wembe katikati. Sisi tulichonga ulimi kwa randa yake na mfereji kwa randa yake, kwa mkono, kwa sababu mashine ilikuwa inangoja kipuri kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa inangoja nilipoanza kazi na ilikuwa inangoja shirika lilipokufa. Msumari unapigwa kwa mshazari kwenye shina la ulimi, kisha mbao inayofuata inauficha. Kwa hiyo sakafu nzuri haionyeshi msumari hata mmoja. Usigonge ulimi wenyewe kwa nyundo. Weka kipande cha mbao katikati, ugonge hicho. Na ukutani acha nafasi ya upana wa kidole pande zote nne, kwa sababu mbao inapumua. Mvua ikinyesha inavimba, kiangazi inasinyaa. Nafasi ile itafunikwa na skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, hakuna atakayeiona.

Hapa kwetu hilo la kuvimba si mchezo. Wageni wanaokuja kufanya kazi Rungwe huuliza mvua itakatika lini, na sisi huwaambia itakatika watakapohamishwa.

Mwaka wangu wa pili tulipewa kazi ya kuweka sakafu nyumba ya mkubwa mmoja kwenye shamba la chai. Mbao zilifika kwa lori lisilo na turubai, zimeloa hadi ndani. Mkubwa alitaka sakafu iwe tayari kabla wageni wake hawajafika Jumamosi. Mzee Gwakisa akachukua kipande, akakiweka shavuni, akakirudisha. Akasema mbao hizi zinahitaji wiki sita chini ya bati. Mkubwa akamwambia, “Wewe ni fundi au mganga? Weka sakafu.”

Mzee akakaa juu ya lile rundo la mbao, akavua kofia, akaiweka gotini. “Mimi nitaweka,” akasema, “lakini baada ya wiki sita.”

Alikaa pale kutwa. Hakutukana, hakufoka. Jumatatu iliyofuata alihamishiwa stoo kuhesabu misumari, na sakafu ikawekwa na watu wengine. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imepasuka mianya ya kuingia kidole, na hakuna aliyemwomba Mzee radhi. Nilimwuliza siku moja kama hakujutia. Aliniambia, “Stoo kuna joto.” Kwa miaka mingi niliisimulia habari hiyo kama kichekesho.

Kisha ikaja miaka ya soko huria. Kwanza ilikuja kama nguo: mitumba kila mahali, watu wakapendeza kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Halafu zikaja redio, baiskeli, vyombo vya plastiki, rangi za ukuta zenye majina ya matunda. Watu walisema ruksa, na kweli ilikuwa ruksa. Baadaye ikaja ile sehemu nyingine. Wakaja mabwana wenye mafaili, wakazunguka karakana yetu siku mbili, wakaandika, wakaondoka. Tukaambiwa shirika litauzwa. Halikuuzwa kama shirika. Liliuzwa vipande vipande. Ile mashine iliyokuwa inangoja kipuri ilibebwa na mnunuzi wa vyuma chakavu. Tulisaidia kuipakia, maana tulikuwa bado kazini hadi saa tisa na nusu.

Mzee Gwakisa alirudi Suma kwenye migomba yake. Nilimtembelea mara chache, kisha nikaacha, kwa sababu kila nilipokwenda aliniuliza ninaweka sakafu wapi, nami nilikuwa natengeneza majeneza na stuli. Alifariki katika nyumba ya sakafu ya udongo. Nilikuwa miongoni mwa waliombeba.

Tulifungua karakana yetu Bulyaga, watu wanne tuliotoka kwenye shirika. Wawili walikata tamaa, mmoja akaenda Kyela kulima mpunga. Nikabaki mimi, na vijana wakaingia kidogo kidogo. Sakafu za mbao hazikuwepo tena. Watu walijenga kwa saruji, wakapaka rangi nyekundu, wakang’arisha. Aliyekuwa na uwezo aliweka vigae. Nami niliona kazi niliyojifunza kwa miaka yote ile inageuka kuwa hadithi, na mimi mwenyewe naanza kuzeeka ndani ya hadithi hiyo.

Ndipo Tumpale akaleta mbao za boksi.

Tumpale alikuwa binti wa hapahapa, aliyeanza kwa kuuza mapazia Bulyaga, mjane wa mapema mwenye watoto wawili. Alikuwa na duka dogo lenye mlango wa buluu. Alikuwa na macho ya biashara: alikwenda Mbeya na Tunduma, akirudi ana kitu ambacho hakuna aliyejua kwamba anakihitaji. Siku moja aliniita dukani, akafungua boksi, akatoa ubao mwembamba, laini, wenye mishipa mizuri kama ya mninga.

“Baba Ambokile, hii unaionaje?”

Nikaigeuza. Haikuwa mbao. Ilikuwa vumbi la mbao lililoshindiliwa na gundi, juu yake imebandikwa picha ya mbao. Lakini pembeni kulikuwa na ulimi na mfereji, vimechongwa kwa mashine kwa namna ambayo mkono wa binadamu hauwezi. Ukiinamisha kidogo na kusukuma, vinaumana, kwa! bila msumari, bila gundi. Nilifanya hivyo mara nne au tano pale pale mezani, kama mtoto.

Tumpale akacheka. “Nilijua utazipenda.”

“Zinaogopa maji hizi,” nikamwambia.

“Wameandika humu.” Akanionyesha karatasi ya maelekezo, akaniomba tuisome pamoja, mstari kwa mstari, kwa sababu alitaka kuwaambia wateja ukweli. Karatasi ilisema jamvi, yaani lile zege la chini, liwe limekauka kabisa. Ilisema maboksi yakae ndani ya chumba siku mbili tatu kabla ya kufunguliwa. Ilisema kuachwe nafasi ukutani. Nilifurahi. Yalikuwa maneno ya Mzee Gwakisa, yamepigwa chapa.

Kwa miaka miwili hivi nilifanya kazi nzuri. Niliweka sakafu ofisi moja ya mawakili, nyumba ya daktari aliyehamia kutoka Iringa, na sebule ya mchungaji. Watu walikuja kuchungulia dirishani. Tumpale alinituma kwa kila mteja wake, akisema, “Mbao ni zangu, lakini bila fundi Ambokile sikuuzii.” Nilirudi kuwa fundi wa sakafu.

Sasa nifike Ibighi, nyumbani kwa Mwalimu Kulwa.

Mwalimu Kulwa alikuja Rungwe kutoka Shinyanga akiwa kijana, akafundisha hisabati hadi akastaafu, na hakurudi kwao kwa sababu alikuwa ameoa hapa. Mkewe aliitwa Subilaga. Mama huyu alikuwa mwimbaji wa kwaya, mpole, mwenye kupenda watu kupita kiasi. Ukipita mbele ya nyumba yake bila kuingia, alikuja kukuuliza kwenu kuna ugomvi gani. Mwaka huo ninaousimulia alipata kiharusi. Akalazwa Mbeya muda mrefu. Alipona, lakini mguu wa kushoto ukabaki unaburuta.

Mtoto wao Emanuel, aliyekuwa anafanya kazi Dar es Salaam, aliamua mama asirudi kwenye chumba kile cha zamani chenye ngazi mlangoni. Akaongeza chumba upande wa barabarani, karibu na choo, chenye dirisha kubwa. Na kwa kuwa saruji ya Tukuyu mwezi wa nne ni kama kukanyaga mto, akataka chumba kiwe na sakafu ya mbao. Akanunua mbao za boksi kwa Tumpale, na Tumpale, kama kawaida yake, akanituma mimi.

Nilifika asubuhi ya Jumanne. Jamvi lilikuwa limemwagwa wiki tatu zilizopita, katikati ya masika. Sikuhitaji kuambiwa. Lakini nilipima, kwa sababu ndiyo kazi. Nilichukua kipande cha nailoni, nikakitandaza katikati ya chumba, nikakibandika pembe zote kwa selotepu, nikaondoka. Jumatano asubuhi nilikiinua. Chini yake saruji ilikuwa nyeusi, na nailoni ilikuwa na matone kama mfuniko wa sufuria inayochemka.

Mwalimu Kulwa alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Emanuel alikuwa nje anazungumza kwenye simu ya mkononi, kitu ambacho bado kilikuwa cha watu wachache.

Nikatoka nje. “Mwanangu,” nikamwambia Emanuel, “tungesubiri kidogo. Chumba hiki bado.”

“Bado nini, fundi?”

“Bado kina unyevu.”

“Mama anatolewa Ijumaa. Na mimi Jumapili narudi kazini, ruhusa yangu imeisha.” Hakusema kwa ukali. Alikuwa na macho mekundu ya mtu ambaye halali. “Nataka nimwone ameingia chumbani kwake, fundi. Basi. Hakuna unachoweza kufanya?”

Hapa ndipo pa kusema hapana. Siku hizi naweza kulisema neno hilo nikiwa nimelala. Siku ile nilimtazama yule kijana, nikafikiria Mama Subilaga anavyosubiriwa, nikafikiria pia, sitaficha, kwamba nikikataa atamwita fundi mwingine, na Tumpale atajifunza kwamba si lazima aniite mimi. Nikasema, “Nitatandika nailoni chini mara mbili.”

Nailoni mara mbili si dawa. Maji ya jamvi bichi hayana pa kwenda, yanatambaa pembeni, yanapanda kwenye kingo. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Maboksi nayo hayakuwa yamekaa chumbani hata siku moja. Nilifanya kazi Jumatano na Alhamisi. Ilikuwa sakafu nzuri, pengine nzuri kuliko zote. Mistari imenyooka, viungo vimepishana vizuri, mlangoni nimekata kwa uangalifu hadi Mwalimu akapiga picha.

Ijumaa Mama Subilaga aliingia akishikwa mikono na mumewe na mwanawe. Nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kukamilisha skatingi. Akakanyaga kwa mguu mzima, kisha akauvuta ule mwingine, akasimama katikati ya chumba. Akavua kandambili.

“Ndaga fijo, fundi,” akaniambia, yaani asante sana. “Ina joto. Kyala akubariki.”

Akaanza kulia, na Emanuel akalia, na mimi nikatoka nje kutafuta nyundo ambayo ilikuwa mkononi.

Baada ya kama wiki tano Mwalimu alinitumia salamu kwamba mbao zimeinuka kidogo karibu na mlango. Nilikwenda. Kingo za mbao mbili zilikuwa zimevimba kama midomo ya mtu aliyeumwa na nyuki, zimesukumana juu kwa unene wa penseli. Kilichotakiwa ni kufumua sakafu yote, kuliacha jamvi lipigwe na hewa hadi kiangazi kiishe, na kukiri sababu. Nilipiga magoti, nikabonyeza, nikasema, “Zitatulia, Mwalimu. Mbao huzoea nyumba.” Nikachukua zulia dogo lililokuwa chini ya kitanda, nikalitandaza juu ya mahali pale. “Nitarudi wiki ijayo nizikate pembeni zipate nafasi.”

Wiki hiyo ilipofika nilikuwa na kazi nyingine. Na wiki iliyofuata pia.

Siku ya kumi na sita tangu nilipotandaza zulia lile, Mama Subilaga alitoka kitandani asubuhi kwenda kuota jua. Mwalimu alikuwa jikoni. Mguu ule unaoburuta uliingia chini ya zulia, zulia likateleza, kidole kikagota kwenye ukingo. Alianguka kwa ubavu. Nyonga ilivunjika. Walimrudisha Mbeya, na huko alikaa wiki nne, akapata homa ya mapafu, akafariki.

Nilikwenda msibani. Mahali pote palikuwa na watu, kwaya yake ilikuwa inaimba, na mvua ilikuwa inanyesha kwenye maturubai. Emanuel alinikuta karibu na ukuta. Alinishika mkono kwa heshima, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Fundi, nisaidie kuelewa. Ilikuwaje?”

Kulikuwa na watu watano au sita karibu wanasikiliza. Nikasema, “Mbao hizi za boksi, mwanangu. Hazikutengenezwa kwa nchi ya mvua kama hii.”

Hayo ndiyo maneno yangu, sijayapunguza. Hayakuwa uongo. Hadi leo nikiyasoma hivi naona yangeweza kupita mahakamani. Lakini kabla wali haujapakuliwa yalikuwa yamefika upande wa pili wa uwanja yakiwa na jina: mbao za Tumpale zimemuua Mama Subilaga.

Mji wetu ni mdogo. Wiki ile ile mchungaji alifumua sakafu ya sebule yake, iliyokuwa haina kasoro yoyote. Wateja waliokuwa wameweka oda walikwenda kudai kurudishiwa chao. Mtu aliandika kwa mkaa kwenye ule mlango wa buluu neno ambalo sitaliandika hapa. Kanisani, wanakwaya waliacha kumpa Tumpale mkono.

Alikuja karakana siku moja mchana. Alikuwa amevaa kitenge cha kazi na amekonda. Hakukaa.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba.”

“Nimekuja kukuuliza jambo moja tu, na utakachosema nitakiamini. Ulipima jamvi?”

“Nilipima.”

“Kwa nailoni, kama tulivyosoma?”

“Kwa nailoni.”

Akashusha pumzi. “Lilikuwa kavu?”

Nilikuwa na patasi mkononi, nikaanza kuinoa. Nikamwambia, “Tumpale, mimi nimeanza kazi hii wewe hujazaliwa.”

Alinitazama muda mrefu. Kisha akasema, “Basi ni mbao zangu,” akageuka, akaondoka. Alitembea katikati ya barabara kama mtu asiyesikia magari.

Baada ya miezi miwili duka lilifungwa. Nilisikia amechukua watoto, amekwenda Tunduma.

Ningependa kuandika kwamba sikupata usingizi, sikula, nikaugua. Nilikula. Kazi ziliendelea kuja, safari hii milango na madirisha, na watu walinisifu kwa kuwaonya juu ya vitu vya nje. Mmoja aliniita mzalendo. Nilikula na sifa hiyo.

Karibu mwaka mzima ulipita ndipo nikaenda Ibighi kumwambia Mwalimu Kulwa. Alikuwa amefumua sakafu mwenyewe, kwa koleo, na mbao alikuwa amezirundika uani ambako zilikuwa zimegeuka uji. Chumba kilikuwa saruji tupu. Tulikaa humo kwenye viti viwili. Nikamwambia yote: nailoni, matone, Emanuel, zulia.

Akasogeza kiti chake mbele kidogo. Halafu akasema, “Nilikuona.”

“Ulinionaje, Mwalimu?”

“Asubuhi ile, nikiwa mlangoni. Nilikuona umeinua nailoni, na niliona maji. Mimi ni mwalimu wa hisabati, si kipofu.” Akatazama mikono yake. “Nikajiambia, fundi yupo, fundi anajua. Halafu nilitaka mke wangu arudi nyumbani.”

Mvua ilikuwa inapiga bati.

“Yule binti wa dukani,” akaniuliza, “umemwambia?”

“Bado.”

“Basi umeanza kwa mtu asiyefaa. Mimi sina cha kukusamehe, maana kosa hilo hilo na mimi ninalo. Nenda kwake.”

Nilikwenda Tunduma. Nilimpata siku ya pili, karibu na stendi, anauza ndoo na mabeseni juu ya turubai. Hakushtuka kuniona. Alinipa kigoda, akaendelea kuhudumia wateja, nami nilisubiri hadi wakapungua. Nikamweleza. Nilipomaliza alikuwa amekunja kitambaa kile kile mara nyingi mno hadi kimekuwa kidogo kama sabuni.

“Kwa hiyo zilikuwa nzima,” akasema.

“Zilikuwa nzima.”

“Kila siku nafikiri juu ya yule mama. Kila siku, Baba. Nilifikiri nimemuua kwa kutafuta riziki.” Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, bila haraka. “Mbona unaniambia mimi? Mimi sikuandika kwenye mlango wangu mwenyewe. Waliokimbia duka langu wako Tukuyu. Wewe unaishi nao.”

“Nitawaambia.”

“Kwa mdomo?” Akatikisa kichwa. “Mdomo ulishautumia. Andika. Andika na jina langu, andika na lako, wasome watu wa kazi yako, maana wao ndio ambao wateja huwauliza.”

Nikamwahidi. Mteja mmoja akaja kuuliza beseni la kuogeshea mtoto, Tumpale akasimama kumhudumia, nami nikaondoka kwenda kupanda gari.

Ni miaka tisa sasa. Nilijiambia nitaandika baada ya mavuno ya chai, watu wakiwa na nafasi. Nilijiambia nitaandika mtoto wa mwisho akimaliza shule. Ukweli ni kwamba nilikuwa bado nahitaji wateja. Sasa siwahitaji, na hapo mnaona ujasiri wangu una thamani gani. Mwaka juzi nilimtuma mtu Tunduma amtafute. Alirudi na habari kwamba Tumpale alikwishahama, wengine walisema amevuka mpaka, wengine walisema alikuwa mgonjwa, na hakuna aliyejua alikoenda. Mwalimu Kulwa naye tumekwisha kumzika, kando ya mkewe. Emanuel hajarudi tangu hapo, na nyumba imepangishwa.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi wa karakana, na ninaomba yeyote mwenye kusoma amsomee na asiyejua kusoma. Mimi ni Ambokile, fundi wa sakafu. Mbao za Tumpale hazikuwa na kosa lolote. Jamvi lilikuwa bichi. Nilipima, nikaona maji, nikaweka.